Shajara ya mradi: kupima radoni madarasani na mabwenini, Tororo

Februari, wiki ya kufungua shule

Mradi umeanza rasmi. Tunapima gesi ya radoni katika majengo ya shule yetu, nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, upande wa kwenda Malaba mpakani: madarasa, ofisi, maktaba, stoo, nyumba za walimu zilizo ndani ya uzio, na mabweni yote. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi, ili atakayetaka kufanya kazi hii kwake asianzie gizani. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kwenye vikao vya wazazi hapa. Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, familia za askari na wafanyabiashara wa mpakani wote wanakaa benchi moja.

Kwa nini Tororo? Ule mwamba unaouona ukiwa bado mbali barabarani, pamoja na vilima vya Sukulu, ni mabaki ya volkano za kale, na mawe yake ni ya aina ya kabonatiti, mawe ya volkano yenye madini ya chokaa kwa wingi. Sukulu inajulikana kwa fosfeti, na mawe ya chokaa ya huku yametengenezewa saruji kwa miongo mingi. Mawe ya namna hii mara nyingi hubeba uraniamu na thoriamu kuliko mawe ya kawaida. Hilo halimaanishi kwamba kila nyumba ya Tororo imejaa radoni, wala kwamba aliye mbali na kilima yuko salama. Granaiti nayo ina uraniamu, na wenzetu wa Mubende wamejenga juu ya granaiti. Udongo ukiwa wa kupitisha hewa, sakafu ikiwa na nyufa na chumba kikiwa kimefungwa, hata uraniamu kidogo inatosha kuleta shida. Nyumba ya jirani inaweza kuwa na hewa safi kabisa na yako isiwe hivyo. Kwa hiyo namba ya kuamini ni ile iliyopimwa ndani ya chumba chenyewe.

Kwa wasioijua gesi hii: uraniamu iliyomo mwambani huvunjika polepole mno, hatua baada ya hatua, mpaka inakuwa radiamu, na radiamu ikivunjika huzaa radoni. Hapo mambo hubadilika, maana kilichokuwa kimefungwa ndani ya jiwe sasa ni gesi na kinaweza kutembea. Haina rangi, harufu wala ladha. Nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8, muda wa kutosha kupenya udongoni na kuingia chumbani. Ikivunjika huzaa poloniamu, risasi na bismuti, chembe ngumu zinazonata kwenye vumbi na moshi. Tukizivuta, baadhi hubaki mapafuni na kurusha chembe za mionzi ziitwazo alfa palepale kwenye utando laini wa ndani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi, zinatokana nayo, na kwa wasiovuta sigara ndicho kisababishi kinachoongoza.

Februari, mwishoni

Kikao cha kamati kimetaka kujua jambo moja: kiasi gani ni kingi? Swali zuri, na ni lazima lijibiwe kabla ya kupima. Ukisubiri matokeo kwanza, kila mtu atachagua kiwango kinachomfaa yeye.

Radoni hupimwa kwa bekereli, kipimo cha mionzi, katika kila mita ya ujazo wa hewa. Hewa ya nje huwa na 5 hadi 15 hivi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi ziweke kiwango cha 100 majumbani, na pale hali isiporuhusu, kisizidi 300. Viwango vya kimataifa vya usalama wa mionzi vilivyochapishwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwaka 2014 vinazitaja shule pamoja na nyumba za kuishi: wastani wa mwaka usipite 300. Uganda ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1967, na tuna Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 iliyounda Baraza la Nishati ya Atomiki. Marekani hutumia kipimo kingine, lakini ukikigeuza, kiwango chao cha kuchukua hatua ni 148. Ayalandi ilipima zaidi ya shule 3,800 kati ya 1998 na 2004, chumba kwa chumba, ikitumia 200 kama mpaka wa shule.

Tumekubaliana hivi. Chumba chini ya 100 tunakiacha, tukipime tena jengo likifanyiwa marekebisho makubwa. Kati ya 100 na 300 tunakirekebisha ndani ya mwaka. Kikipita 300 tunaanza kazi muhula huohuo. Mwenyekiti ametia saini, na karatasi imebandikwa ofisini ili mtu yeyote asije kuibadilisha baada ya kuona namba.

Mjumbe mmoja ameuliza kwa nini tujisumbue na kitu ambacho hakijawahi kumdondosha mtoto hata mmoja mbele ya macho yetu. Nilimkumbusha Runyanya, kule Kiryandongo, Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 darasani. Tangu siku ile mzazi wa Uganda anajua kuuliza kama shule ina kinga ya radi. Radi hupiga mara moja na nchi nzima ikasikia. Anayeugua mapafu kwa radoni huugua akiwa mtu mzima, miaka mingi baada ya kuondoka shuleni, na hakuna atakayelikumbuka bweni alilolala. Ndiyo maana jambo hili linahitaji kuandikwa kwenye masharti ya majengo na kukaguliwa, kama vyoo na vizimamoto vinavyokaguliwa. Kwenye orodha yetu ya ukaguzi wa kila muhula tumeongeza mstari mmoja: hewa ya vyumba vinavyogusa ardhi.

Machi, mvua zimeanza

Vitambuzi vimefika. Tumechagua vile vya plastiki ya CR-39, vidude vyeusi vinavyoenea kiganjani. Ndani mna kipande cha plastiki, na kila chembe ya alfa inayokigonga huacha kovu dogo mno, jicho haliwezi kuliona. Baada ya miezi mitatu au zaidi, maabara hukichovya kwenye sodiamu haidroksidi ya moto, makovu yakapanuka, wakayahesabu kwa hadubini. Havihitaji umeme, na matokeo hayaharibiki njiani.

Hilo la njiani ndilo lililoamua. Kuna vitambuzi vya mkaa ambavyo hukaa chumbani siku chache tu, lakini mkaa hunasa radoni yenyewe, na radoni iliyonaswa inaendelea kupungua kwa nusu kila siku 3.8. Kifurushi kikikaa siku nane kati ya Tororo, Entebbe na maabara ya ng'ambo, kinafika na robo tu ya kile kilichonaswa. Isitoshe, mkaa hunyonya unyevu, na sasa ni mvua kila jioni. Aliye karibu na maabara autumie, lakini kwa umbali wetu haufai.

Kila chumba kinachogusa ardhi na kinachotumika mara kwa mara kimepata kitambuzi. Tumevitundika kimo cha pumzi, angalau nusu mita kutoka sakafuni, mita moja hivi kutoka dirishani na mlangoni, mbali na jua. Jikoni na bafuni hatukuweka, kwa sababu ya mvuke na joto. Katika kila vyumba kumi, kimoja kina vitambuzi viwili ubavu kwa ubavu. Vikitofautiana sana tutajua upimaji wenyewe una kasoro. Vingine vichache tumevifungua na kuvifunga papo hapo bila kuvitumia. Hivyo vitapelekwa maabara pamoja na vingine na vinapaswa kusoma karibu sifuri. Wanafunzi wa kidato cha tatu ndio wanaoshika daftari: namba ya kitambuzi, chumba, tarehe, saa, na hali ya madirisha wakati wa kukiweka.

Hili la madirisha nililisisitiza mpaka wakanichoka. Kila ninayemweleza habari ya radoni hapa hunijibu kwamba hilo ni tatizo la nchi za baridi, watu wanaojifungia ndani na mashine za joto. Sisi madirisha yetu hayana hata vioo, hewa inapita. Ni kweli kwa darasa saa nne asubuhi. Mimi nataka kujua saa tisa usiku.

Aprili

Vitambuzi viwili vimeharibika. Kimoja kilikutwa ndani ya sanduku la mwanafunzi, kingine kilifunikwa na soksi zilizoanikwa kwenye msumari uleule. Vyote viwili tumevifuta daftarini na kuandika sababu. Kwenye mabweni tumehamisha misumari juu kidogo, na viranja wameelezwa kazi ya kidude hicho ni nini. Mtoto akijua kinapima hewa anayoivuta yeye, anakilinda mwenyewe.

Jambo kubwa la mwezi huu ni kipimaji cha umeme tulichoazima. Hiki huandika namba kila saa, kwa hiyo kinaonyesha yale ambayo plastiki haiwezi: mchana na usiku kando kando. Tulikiweka kwenye bweni la wasichana lililo karibu zaidi na kilima, kwa ruhusa ya metroni, mlezi wa bweni, na chini ya ulinzi wake.

Mchana kutwa kilisoma chini ya 100. Saa tatu usiku, milango ilipofungwa na taa kuzimwa, namba ikaanza kupanda. Ikapanda pole pole hadi usiku wa manane, ikaendelea, na kabla ya alfajiri ikavuka 300. Saa kumi na moja unusu wasichana walipofungua milango kwenda kuoga, iliporomoka ndani ya saa moja au mbili. Usiku uliofuata ikawa hivyohivyo, na usiku wa mvua kubwa ikapanda zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Usiku nje kunapoa, ndani kuna joto la watoto wengi waliolala. Hewa ya joto hupanda na kutokea juu kwenye bati, na nafasi yake lazima ijazwe. Milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hewa hutafuta njia ya chini, kupitia nyufa za sakafu. Mvua nayo hulowesha udongo wa nje na kuziba vitundu vyake, kwa hiyo gesi inayotoka ardhini hukimbilia pakavu, yaani chini ya jengo. Kwenye kikao cha wazazi nilisema nyumba inanyonya ardhi kama wazee wanavyonyonya malwa, pombe ya ulezi, kwa mirija: chungu ni ardhi, mirija ni nyufa. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kikao hicho nakiandika kwa kirefu kwa sababu ndicho nilichokiogopa kuliko upimaji wenyewe. Mzee mmoja alisimama akaniuliza:

"Mwalimu, hawa watoto tuwahamishe leo au kesho?"

"Mzee, hakuna wa kuhama. Gesi hii haiui kwa usiku mmoja. Madhara yake hujengeka kwa miaka. Tuna muda wa kupima vizuri na kutengeneza vizuri, lakini hatuna muda wa kusahau."

Nikaeleza namba inayotumika: kila ongezeko la bekereli 100 katika wastani wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 16 hivi, juu ya ile hatari mtu aliyokuwa nayo tayari. Asiyevuta sigara hatari yake ya mwanzo ni ndogo, na asilimia 16 ya kitu kidogo ni kidogo. Mvutaji ana mzigo mkubwa tangu mwanzo, kwa hiyo radoni humwumiza zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mvutaji kutokana na radoni ni mara 25 ya asiyevuta. Baba mmoja wa kambini alitikisa kichwa muda mrefu. Mlinzi wetu wa usiku, ambaye alikuwa na kawaida ya kuvutia sigara ndani ya stoo, ameacha kuvutia humo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 ilikuwa inamkataza tangu zamani, lakini naona kilichomgusa ni hesabu.

Mama mmoja muuza nguo akauliza, "Mwalimu, na nyumba zetu je?" Lilikuwa swali bora kuliko yote. Nyumba yenye nafasi kati ya ukuta na paa hupumua kuliko ile yenye dari na madirisha ya vioo yanayofungwa kutwa, lakini jibu la kweli ni kupima. Tutatenga vitambuzi vichache kwa ajili ya nyumba za wazazi watakaojitolea, awamu ijayo.

Mei, likizo

Vitambuzi vimebaki ukutani. Majengo yaliyofungwa likizoni hukusanya radoni kuliko yanapotumika, na wiki hizo zitaingia kwenye wastani. Tumeandika tarehe za kufunga na kufungua. Kwenye mabweni metroni anafungua madirisha mchana kama kawaida.

Julai, majibu yamefika

Mwezi uliopita tulivikusanya, tukavifunga kwenye mifuko yake na kuvituma. Leo tuna karatasi ya maabara. Vile ambavyo havikutumika vimesoma karibu sifuri, na vile vya ubavu kwa ubavu vinakubaliana. Upimaji unaaminika.

Madarasa yote yako chini ya 100, maktaba pia. Nilifurahi, nikawatangazia wanafunzi asubuhi hiyohiyo kwenye paredi, kwa sababu habari njema nayo ni matokeo. Ofisi mbili zenye dari na madirisha yasiyofunguka vizuri ziko kati ya 100 na 300. Bweni la wasichana la kilimani nalo liko humo, upande wa juu. Stoo ya chakula imepita 300.

Kamati ilitaka kuanza na stoo kwa kuwa ndiyo yenye namba kubwa. Nilipinga, na hapa naeleza hesabu yangu ili wengine waipime. Kinachomdhuru mtu ni kiasi cha gesi ukizidisha kwa saa anazokaa ndani yake. Chukua mfano: chumba chenye 400 ambacho mtu huingia kwa saa moja kwa siku kinampa 400. Chumba chenye 200 anacholala saa tisa kinampa 1,800. Bweni linaizidi stoo mara nne na zaidi, na limejaa watoto.

Kisha mtunza stoo, ambaye hakuwa mjumbe bali alikuja kuleta hesabu za maharage, akasema kwa upole: "Mwalimu, mimi meza yangu iko humo ndani. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja." Chumba kikanyamaza. Mezani tulikuwa tumemhesabu kila mtu isipokuwa yeye. Uamuzi ukawa huu: meza yake imehamia barazani siku hiyohiyo, kazi ya ujenzi inaanzia bweni, stoo inafuata.

Julai, usiku wa kutafuta nyufa

Njia tuliyotumia haina gharama, na shule yoyote inaweza kuifuata. Wasichana wakiwa kwenye masomo ya jioni, milango imefungwa, fundi, metroni na mimi tulipita kandokando ya ukuta na kipande cha dawa ya mbu kinachofuka. Mahali sakafu ilipo nzima, moshi ulipanda wima. Tulipofika pembe ya kaskazini, ambapo saruji imeachana na ukuta kwa upana wa kidole cha mtoto, moshi uliinama ghafla kuelekea chumbani, kama kwamba kuna mtu anapuliza kutoka chini. Fundi aliuzima, akauwasha mwingine, akarudia. Moshi uliinama vilevile. Akaweka kiganja chake pale, akakiacha muda, akasema anahisi ubaridi.

Tulikuta mahali pengine pa namna hiyo: kwenye bomba la bafu la zamani lililokatwa likaachwa wazi, na kwenye ufa mrefu uliopita chini ya vitanda. Fundi alichimba kidogo nje ya msingi kuangalia sakafu ilivyojengwa. Zege limemwagwa moja kwa moja juu ya maramu, yaani udongo wa changarawe. Hakuna polithini, ile karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya zege.

Kisha juu. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, karibu yote yalikuwa yamezibwa kwa mifuko, magunia na majalada ya vitabu. Siwalaumu wasichana hata kidogo. Usiku wa mvua kunaingia baridi, na mbu wa Tororo anajulikana. Mtoto anayeziba tundu ili asipate malaria anafanya jambo la akili. Wajibu wa kumpa tundu lenye wavu ni wetu.

Agosti, likizo: ujenzi

Kazi imefanyika kwa mpangilio, tukipima baada ya kila hatua kwa kipimaji kilekile cha umeme, ili tujue kipi kimesaidia.

Kwanza nyufa: zimechongwa, zimesafishwa vumbi, zikajazwa kwa dawa ya kuzibia inayonyumbuka, kwa sababu saruji tupu hupasuka tena. Bomba la zamani limezibwa. Namba ilishuka kidogo tu. Wataalamu huonya kwamba kuziba peke yake hakutegemewi, maana gesi hutafuta ufa mwingine, na ndivyo tulivyoona.

Pili matundu: yamefunguliwa yote na kuwekewa wavu wa mbu wa waya, upande wa nje, uliopigwa fremu ya mbao ili usitolewe kwa urahisi. Madirisha mawili yaliyokuwa yamepigiliwa misumari sasa yanafunguka. Hili tulitaka kulifanya hata bila radoni. Tangu moto ulioua wanafunzi katika bweni la shule ya Budo Junior mwaka 2008, hakuna mwalimu anayepaswa kulala usingizi akijua bweni lake lina dirisha lisilofunguka. Hapa namba ilishuka vizuri.

Tatu bomba. Nje ya ukuta, chini ya usawa wa sakafu, fundi alichimba hadi akaingia chini ya zege, akatoa maramu na kuacha shimo la ukubwa wa ndoo, akalijaza kokoto. Kutoka hapo bomba la PVC la inchi nne limepanda ukutani mpaka juu ya paa, mbali na madirisha. Gesi ikishapata njia hiyo, haina haja ya kupita chumbani. Feni ndogo inayonyonya imefungwa kwenye bomba, upande wa nje, ili kama kiungo kitavuja kisivujie ndani. Inatumia umeme mdogo, na tumeiunganisha na sola kwa sababu umeme hukatika usiku, wakati uleule tunaouhitaji. Kwenye bomba limeandikwa kwa rangi nyekundu: bomba la radoni, lisizibwe wala kukatwa. Maandishi hayo ni muhimu. Baada ya miaka mitano mimi sitakuwepo, na atakuja fundi mwingine atafute bomba la maji.

Stoo imepata matundu mapya mawili yanayotazamana, na sakafu yake imepigwa upya juu ya polithini.

Septemba

Wasichana wamerudi. Wiki ya kwanza kipimaji kilikaa bwenini usiku kucha, likiwa limejaa kama kawaida yake. Hakikuvuka 100 isipokuwa usiku mmoja, feni ilipozimika kwa sababu betri ya sola haikujaa siku ya mawingu. Hata hivyo haikukaribia 300, kwa kuwa matundu yalikuwa wazi. Vitambuzi vipya vya plastiki vimetundikwa. Metroni ana karatasi ya kukagua feni kila Jumatatu: inazunguka, haizunguki, saini.

Oktoba, msingi wa jengo jipya

Jengo jipya la madarasa matatu limefika hatua ya sakafu, na hapa nimekuwa mkali kuliko kawaida yangu. Mkandarasi alitaka kumwaga zege juu ya maramu iliyoshindiliwa. Alisema polithini ni ya maeneo yenye maji, na hapa ni pakavu. Nilimwonyesha kwamba imo kwenye orodha ya vifaa aliyoitia saini. Akasema ataweka ile nyepesi.

Tulimkatalia. Kilichowekwa ni kokoto safi za unene wa sentimita 10, zisizo na vumbi, ili hewa ipite chini ya sakafu yote. Juu yake polithini nene, ncha zikilaliana sentimita 30 na kubandikwa. Kila bomba linalopenya limezungushiwa utepe. Katikati, kutoka kwenye kokoto, bomba la inchi nne limeachwa limesimama na kufunikwa juu, liendelezwe hadi paani wakati wa kupaua. Feni haitawekwa mpaka vipimo viseme inahitajika.

Wafanyakazi walikuwa wakikanyaga polithini kwa viatu vya kazi na toroli. Kabla ya zege tulitembea juu yake pekupeku, mimi na wanafunzi, tukitafuta matobo na kuyabandika moja moja. Fundi mkuu alicheka mwanzoni, halafu akavua viatu akaungana nasi.

Gharama ya kokoto, polithini na kipande cha bomba ni ndogo mno ukilinganisha na jengo zima. Kuitengeneza sakafu iliyokwisha kumwagwa, kama tulivyofanya bwenini, ni kazi ya kubomoa na pesa mara nyingi zaidi. Kama kuna ombi moja ninalopeleka wilayani kutokana na mradi huu, ni hili: ramani ya darasa lolote jipya isipitishwe bila vitu hivyo vitatu. Barua imekwenda kwa ofisi ya elimu ya wilaya, na nakala kwa Baraza la Nishati ya Atomiki, pamoja na karatasi za maabara.

Novemba

Shule ya msingi ya jirani imeomba kuanza. Tumewapa vitambuzi vilivyobaki, daftari tupu, na wanafunzi wetu wawili wa kuwafundisha kutundika. Mwalimu mkuu wao ametuuliza aanzie wapi, nikamwambia aanze na vyumba vinavyofungwa: ofisi yake, stoo, na nyumba ya mwalimu anayelala shuleni.

Ya kwetu yaliyobaki: vitambuzi vya bweni na stoo vitatolewa mwezi ujao na kupelekwa maabara. Ofisi mbili zitafanyiwa dari na madirisha Januari. Betri ya sola ibadilishwe kwa kubwa zaidi kabla ya mvua za Machi. Jengo jipya litapimwa wanafunzi wakishaingia, Februari, kila darasa na kitambuzi chake, lile la katikati viwili.